Umenunua tairi mbili mpya: ufunge mbele au nyuma? Jibu huwashangaza wenye IST, Passo na Noah

Mvua zimeanza, tairi za mbele zimekuwa vipara, na mfukoni kuna hela ya tairi mbili tu. Unafika kwa fundi, anapiga jeki, anakuuliza: "Bosi, hizi mpya tunaweka mbele, si ndiyo?" Madereva wengi hujibu ndiyo bila kuwaza. Gari inavutwa na tairi za mbele, usukani uko mbele, injini iko mbele, sasa mpya ziende wapi kwingine?

Kampuni kubwa zinazotengeneza tairi, Michelin ikiwemo, zinashauri kinyume chake: tairi mbili zenye meno mazuri zaidi zikae nyuma. Ushauri huo unahusu gari za kuvuta mbele, za kuvuta nyuma na za kuvuta zote nne.

Ukiusikia mara ya kwanza unaonekana kama umekosewa. Ili uueleweke, inabidi kwanza kujua tairi za gari yako zinafanya kazi gani, hasa barabara ikiwa na maji.

Je, gari yako inavuta mbele?

Kama unaendesha gari ndogo iliyotoka Japani, uwezekano ni mkubwa kwamba jibu ni ndiyo. Toyota IST, Vitz, Passo, Probox, Premio na Allion nyingi zilizopo barabarani Tanzania na Kenya zinavuta mbele. Ndivyo zilivyo pia Honda Fit, Nissan Note na Mazda Demio nyingi. Noah za kuanzia 2001 nazo nyingi zimo humo. Baadhi ya gari hizi zilitengenezwa pia kwa toleo la kuvuta zote nne, kwa hiyo usiamini jina peke yake.

Mark X na Crown nyingi, kwa upande mwingine, zinavuta nyuma. Hiace nazo nyingi ni hivyo hivyo.

Njia rahisi ya kujua: chungulia chini ya gari. Ukiona mhimili mrefu wa chuma unaotoka mbele hadi katikati ya tairi za nyuma, nguvu inafika nyuma. Usipouona, na injini ikiwa imelala kwa upana chini ya boneti, gari yako inavuta mbele.

Mpangilio huo si mpya. Citroën walitoa gari ya kuvuta mbele ya Traction Avant mwaka 1934. Mwaka 1959 ikaja Mini ya Uingereza, iliyobuniwa na Alec Issigonis, ambayo iliilaza injini kwa upana ili kuokoa nafasi. Karibu gari ndogo zote za leo zinafuata njia hiyo kwa sababu ni nafuu kutengeneza, inaacha nafasi kubwa kwa abiria na haihitaji mhimili mrefu kwenda nyuma.

Tairi mbili, kazi tatu

Kwenye gari ya aina hii, tairi za mbele ndizo zinazovuta gari. Hizo hizo ndizo zinazokata kona. Na ukikanyaga breki, uzito wa gari unalalia mbele, kwa hiyo zinabeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari pia.

Tairi za nyuma zenyewe zinafuata tu. Zinabeba abiria na mzigo, zinasaidia breki kidogo, na zinafanya kazi moja ambayo dereva haioni: kuifanya gari inyooke.

Sehemu ya tairi inayogusa lami ni ndogo, karibu na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Maisha ya wote waliomo kwenye gari yanategemea viganja vinne vya mpira.

Mshiko wa kila kiganja una kikomo. Uchukulie kama hela ya siku. Ukiitumia nyingi kwenye breki, inabaki kidogo ya kukata kona. Ukiimalizia kwenye kukanyaga mafuta, usukani utauzungusha na gari itaendelea kwenda mbele. Ndiyo maana dereva anayekata kona huku amekanyaga mafuta kwa nguvu kwenye lami yenye maji anaweza kuona pua ya gari inakataa kugeuka. Tairi za mbele zimeshatumia kila kitu.

Kwa sababu ya kazi hizo tatu, tairi za mbele za gari hizi huchakaa haraka kuliko za nyuma. Hapo ndipo mjadala wa kwa fundi unapoanzia.

Kwa nini mpya ziende nyuma?

Kuna namna mbili za gari kuteleza kwenye kona, na hazina hatari sawa.

Namna ya kwanza ni tairi za mbele kupoteza mshiko. Unakata kona, gari inataka kwenda moja kwa moja. Inatisha, lakini dereva anaisikia mapema: usukani unakuwa mwepesi na pua inachelewa kugeuka. Kitu anachofanya mtu yeyote kwa kuogopa, yaani kutoa mguu kwenye mafuta, ndicho kinachosaidia. Mwendo unapungua, uzito unarudi mbele, tairi zinashika tena.

Namna ya pili ni tairi za nyuma kupoteza mshiko wakati za mbele bado zimeshika. Hapo kitako cha gari kinatoka nje ya kona na gari inaanza kuzunguka. Dereva hapati onyo kwenye usukani, kwa sababu tairi za usukani ziko salama. Anashtuka, anatoa mguu kwenye mafuta au anakanyaga breki, na hapo anaongeza tatizo: uzito unakimbilia mbele, nyuma inazidi kuwa nyepesi, na gari inageuka kama pia. Sekunde moja inatosha kuelekeza ubavu wa gari kwenye upande wa magari yanayokuja.

Sasa fikiria gari yenye tairi mpya mbele na tairi zilizoisha nyuma, ikiingia kwenye dimbwi lililotanda barabarani kwa kasi. Tairi za mbele zinapita kwenye maji na kushika lami vizuri. Dereva anajiamini, kwa sababu kila anachokisikia mkononi ni kizuri. Tairi za nyuma zinafika kwenye maji yale yale, hazina meno ya kuyatoa, zinaelea. Kama kuna kona au breki imeguswa, kitako kinaondoka.

Ukizigeuza, mpya zikawa nyuma, tairi zilizochakaa za mbele ndizo zitakazopoteza mshiko kwanza. Gari itateleza kwa namna ambayo dereva wa kawaida anaweza kuidhibiti.

Hii haimaanishi tairi kipara ziachwe mbele. Zile zinazobaki lazima ziwe bado na meno ya kutosha, tena sana kwa sababu zinakwenda kufanya kazi ya usukani na breki. Kama za mbele ndizo zilizokwisha, fundi azitoe kabisa, zile za nyuma azihamishie mbele, mpya azifunge nyuma. Ni kazi ya dakika chache zaidi ya jeki na spana.

Mbona nikifunga mbele gari inavuta vizuri zaidi?

Hoja hii ni ya kweli. Kwenye tope au mlima wa udongo, tairi zenye meno mapya mbele zitaivuta gari ya aina hii vizuri zaidi. Mtu anayepanda kila siku njia ya udongo mwekundu isiyo na lami ataiona tofauti siku ya kwanza.

Lakini pima gharama za makosa yote mawili. Kukwama kwenye tope ukiwa na mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni usumbufu: utachafuka, utachelewa, utalipa vijana wa kusukuma. Gari kuzunguka ukiwa kwenye 80 juu ya lami yenye maji ni jambo jingine.

Suluhisho halisi kwa mtu wa njia za tope ni kuhakikisha tairi zote nne zina meno yanayokaribiana. Na hilo linawezekana bila kununua nne kwa mpigo.

Siri ya kuzibadilishana

Kwa kuwa za mbele zinakwisha haraka, unatakiwa kuzihamisha kabla tofauti haijawa kubwa. Kipimo kinachotumiwa sana ni kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, ambacho kwa wengi kinaangukia karibu na muda wa kumwaga oili.

Kwa gari ya kuvuta mbele, utaratibu wa kawaida ni huu:

• Tairi za mbele zinarudi nyuma moja kwa moja, kushoto ibaki kushoto na kulia ibaki kulia.

• Tairi za nyuma zinakwenda mbele kwa kupishana: ya nyuma kushoto inakwenda mbele kulia, ya nyuma kulia inakwenda mbele kushoto.

• Kama tairi zako zina mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, usizipishanishe. Zibadilishe mbele na nyuma kwa upande ule ule.

Angalizo moja: utaratibu huu ni wa tairi ambazo bado zinakaribiana. Kama mbili ni mpya na mbili zimekaribia kwisha, umeshachelewa kuanza kuzungusha. Hapo rudi kwenye kanuni ya kwanza, nzuri zikae nyuma.

Ukifuata ratiba, tairi zote nne zitakwisha karibu pamoja. Utanunua nne kwa wakati mmoja, ndiyo, lakini hutajikuta na gari ambayo mbele ni mpya na nyuma ni kipara.

Meno ya tairi ni ya nini hasa?

Kwenye lami kavu, tairi kipara inaweza kushika vizuri tu. Ndiyo sababu magari ya mashindano hutumia tairi laini zisizo na mifereji siku ya jua. Hili huwadanganya madereva wengi: gari inatembea, breki inashika, kwa hiyo tairi "bado zipo".

Kazi ya ile mifereji ni maji. Tairi inapopita kwenye maji inatakiwa kuyasukuma pembeni na nyuma ili mpira uguse lami. Mifereji ikiwa mifupi, maji hayapati pa kwenda. Yanajikusanya mbele ya tairi kama kabari, kisha yanaiinua. Gari inaelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, breki haifanyi kitu, na injini inaweza kupanda sauti kwa sababu tairi zinazunguka hewani.

Tairi mpya ya gari ndogo huwa na mifereji ya takriban milimita 8. Kwa sheria za Ulaya, kina cha chini kabisa kwa gari ndogo ni milimita 1.6. Wataalamu wengi wa usalama barabarani wa Uingereza wanashauri usisubiri hadi hapo, ubadilishe zikifika milimita 3, kwa sababu uwezo wa kusimama kwenye maji unashuka sana kati ya namba hizo mbili.

Huhitaji kipimo maalumu. Angalia ndani ya mifereji mikubwa ya tairi, utaona vituta vidogo vya mpira vinavyokatiza. Vimewekwa kiwandani kwa kina cha milimita 1.6. Meno ya tairi yakishalingana na vituta hivyo, tairi imekwisha, hata kama fundi anasema "hii inakula mwezi mwingine".

Upepo mdogo, hatari kubwa

Meno peke yake hayatoshi. Tairi yenye upepo mdogo inalegea katikati na kuelea mapema zaidi.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walichunguza jinsi tairi za ndege zinavyoelea kwenye maji wakati wa kutua. Wakapata kanuni inayohusisha upepo wa tairi na mwendo ambao kuelea kunaanza. Ukiitumia kama makadirio, tairi yenye upepo wa psi 30 huanza kuelea kwenye mwendo wa karibu kilomita 91 kwa saa, pale maji yanapokuwa mengi kuliko uwezo wa meno kuyatoa. Ikishuka hadi psi 20, mwendo huo unashuka hadi karibu kilomita 75 kwa saa.

Yaani tairi iliyopungua upepo, ambayo kwa macho inaonekana kawaida tu, inaweza kukuelesha kwenye mwendo ambao wengi wanauona wa kistaarabu kwenye barabara kuu.

Ujaze kiasi gani? Usimwachie kijana wa pancha akuamulie. Fungua mlango wa dereva, angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Gari za Japani huandika kwa kPa. Mfano, 220 kPa ni karibu psi 32, na 230 kPa ni karibu psi 33. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi yenyewe ni kikomo cha juu ambacho tairi inakihimili. Siyo kiasi cha kujaza.

Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya safari ndefu, joto linakuwa limepandisha upepo na utadanganyika.

Tairi za theluji kwenye joto la Dar

Hili linawapata wengi wanaoagiza gari Japani. Gari inafika bandarini, tairi zina meno marefu, mwenye gari anafurahi kwamba ameokoa hela. Kumbe ni tairi za theluji.

Utazijua hivi: ubavuni zimeandikwa neno STUDLESS, au zina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Meno yake yamejaa mikato mingi myembamba kama yamechanjwa kwa wembe. Majina kama Blizzak ya Bridgestone au iceGUARD ya Yokohama ni ya aina hii.

Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi. Tairi za kawaida zinaanza kuwa ngumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ndipo hizi zinapochukua nafasi. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa inayochemka kwa jua, mpira huo unakuwa laini kupita kiasi. Meno yanacheza, gari inahisi kama inayumba kwenye kona, breki zinachukua umbali mrefu zaidi na tairi zenyewe zinakwisha haraka.

Ukikuta gari ina tairi za theluji mbele na za kawaida nyuma, au kinyume chake, tatizo ni kubwa zaidi. Mbele na nyuma zitashika kwa namna tofauti, hasa kwenye mvua.

Soma umri wake kabla ya kulipa

Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho za mstari huo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000. Iache hapo hapo.

Michelin wanashauri tairi ikishatumika miaka 5 ichunguzwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, na isivuke miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama meno yapo. Kwa tairi za mtumba hili ni muhimu kuliko bei. Tairi yenye meno marefu lakini ina nyufa ndogo ndogo ubavuni ni mzee aliyepakwa rangi nywele.

Kingine: tairi mbili za mbele ziwe za saizi moja na aina moja, na mbili za nyuma vivyo hivyo. Na kama una ile spea nyembamba, kumbuka ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Nyingi zimeandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa na zinahitaji upepo wa psi 60. Ukipata pancha mbele kwenye gari ya kuvuta mbele, ni bora kuhamishia mbele tairi nzima ya nyuma, kisha spea nyembamba ikae nyuma. Spea ikikaa mbele itapewa kazi zote tatu, na kwa kuwa kimo chake mara nyingi hakilingani na cha mwenzake, inaisumbua difu iliyo ndani ya giaboksi.

Kwa nini inashindwa mlima wa tope?

Kwenye tambarare, gari ya kuvuta mbele ina faida: injini na giaboksi vinakandamiza tairi zinazovuta. Takriban asilimia 60 ya uzito wa gari tupu iko mbele.

Ukianza kupanda, uzito unarudi nyuma. Tairi za mbele zinakuwa nyepesi, na ndizo zinazovuta. Ukiwa umejaza abiria nyuma na buti lina magunia, mambo yanazidi kuwa mabaya. Mzigo uliokaa nyuma ya tairi za nyuma unafanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa bembea: unainua mbele.

Juu ya hapo kuna difu. Kwenye gari nyingi za kawaida, difu inaruhusu tairi moja izunguke haraka kuliko nyingine ili gari ikate kona vizuri. Kwenye tope, tairi iliyokosa mshiko inazunguka bure na ile iliyoshika inapata nguvu kidogo tu. Ndiyo maana unaona gari imekwama huku tairi moja inarusha matope na nyingine imetulia.

Yanayosaidia:

• Shusha abiria wa nyuma, abiria wa mbele abaki. Hamisha mzigo kutoka kwenye buti uje karibu na mbele.

• Kanyaga mafuta taratibu. Tairi ikizunguka kwa kasi inachimba shimo na kujaza meno matope. Kwa gari ya manyo, jaribu gia ya pili.

• Kama gari ina kitufe cha kuzima kidhibiti cha kuteleza, mara nyingi kimeandikwa TRC OFF kwenye Toyota, kizime ukiwa umekwama. Mfumo huo hupunguza nguvu ya injini kila tairi inapoteleza, na kwenye tope unaweza kukunyima hata nguvu kidogo unayoihitaji. Ukitoka, uwashe.

• Weka mawe madogo, matawi au mazulia ya gari chini ya tairi za mbele. Watu wasisimame kwenye mstari wa tairi, kwa sababu vitu hivyo hurushwa.

• Kwenye mchanga au tope refu, kupunguza upepo hadi karibu psi 20 kunaongeza eneo la tairi linalogusa chini. Ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu ulizoziona hapo juu.

• Mlima mfupi usio na magari unaweza kupandwa kinyumenyume. Ukigeuza gari, tairi zinazovuta zinakuwa upande wa chini ambako uzito unaelemea. Fanya hivyo polepole, na awepo mtu wa kukuongoza.

Ikiteleza, ufanye nini?

Pua ikikataa kukata kona: toa mguu kwenye mafuta taratibu, usizidishe kuzungusha usukani. Urudishe kidogo, tairi zishike, kisha kata tena.

Gari ikielea kwenye maji: shika usukani unyooke, achia mafuta, usikanyage breki ghafla. Mara nyingi ni sekunde moja au mbili tu mpaka tairi ziguse lami.

Kitako kikitoka: angalia unakotaka kwenda na elekeza usukani huko. Usikanyage breki katikati ya kona. Ila ukweli ni kwamba watu wengi hawawezi kufanya hivi kwa wakati, na hiyo ndiyo sababu nzima ya kuweka tairi nzuri nyuma.

Ukilazimika kusimama ghafla na gari ina ABS, kanyaga breki kwa nguvu na usiachie. Mguu utatetemeka, ni kawaida, mfumo unafanya kazi.

Na kumbuka hesabu ya mwendo. Ukitoka 40 kwenda 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu maji yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyotapakaa barabarani na kufanya utelezi kabla mvua haijapata muda wa kuosha lami.

Kabla ya safari: dakika tano

1. Angalia vituta ndani ya mifereji ya tairi zote nne.

2. Pima upepo tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni. Usisahau spea.

3. Pitisha mkono ubavuni, tafuta nyufa, uvimbe na misumari.

4. Linganisha mbele na nyuma. Zilizo na meno zaidi ziko wapi?

5. Kama tairi inalika upande mmoja tu, nenda ukapime alaimenti kabla ya kununua mpya, vinginevyo mpya nazo zitaliwa vile vile.

Na fundi akikuuliza tena zile mbili mpya zikae wapi, mwambie nyuma. Akibisha, mwambie afunge tu, maelezo atapewa wakati anakaza nati.